Someni Kadi Kwanza

Wazee shikamooni. Wazazi wenzangu, walimu, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, nawashukuru kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie Pokémon, yaani mchezo, kadi na katuni za Kijapani za viumbe wa kubuni ambao mtoto huwakamata na kuwapambanisha, na malezi ya watoto, na wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilitetea jambo hili katika kumbi nyingine. Kwa hiyo sitapoteza muda kueleza Pikachu ni nani wala mchezo unachezwaje. Watoto wenu wanajua, waulizeni. Nitaanza na tukio ambalo kila mpinzani hunirushia, kwa sababu ndilo shtaka zito kuliko yote na lilikuwa la kweli, na ningekuwa mtetezi mwovu kama ningelikwepa.

Jumanne ya tarehe 16 Desemba 1997, saa kumi na mbili na nusu jioni, TV Tokyo ilirusha sehemu ya 38 ya katuni hii. Katika hadithi ya siku ile, wahusika wanaingia ndani ya mfumo wa kompyuta wakiwa na kiumbe aitwaye Porygon, na programu ya kuua virusi inawadhania kuwa wao ndio virusi, ikawarushia makombora. Pikachu, kiumbe mfano wa panya mwenye umeme, anayapiga makombora kwa umeme wake. Wachoraji walitaka mlipuko ule uwe na nguvu, wakatumia mbinu iliyokuwa ya kawaida katika katuni za Kijapani: rangi nyekundu na buluu zikapokezana kwenye skrini yote, takriban mara 12 kwa sekunde. Jaribuni kupiga makofi 12 katika sekunde moja, mtaona kwamba mikono haiwezi. Mandhari ile ilikwisha kwa sekunde chache tu, na kabla ya saa moja usiku watoto katika sehemu mbalimbali za Japani walikuwa wanaumwa kichwa, wanatapika, wengine wamezimia, wengine wanatetemeka kwa kifafa. Watoto wapatao 685 walikimbizwa hospitali kwa magari ya wagonjwa. Kisha baadhi ya taarifa za habari za jioni ile zikaonyesha tena kipande kile kile, na watoto wengine wakaathirika.

Kila ninapofika hapa huinuka mtu akasema, basi hayo ni mashetani, tumalize mjadala. Naomba mnivumilie, kwa sababu mjadala unaanzia hapo. Katuni ilisimamishwa mara moja, haikurudi hewani mpaka Aprili 1998. Katika miezi ile minne madaktari waliwachunguza watoto na wataalamu wakaipima picha yenyewe: rangi gani, kasi gani, imechukua sehemu gani ya skrini, imedumu kwa muda gani. Walichokikuta kilikuwa na jina katika vitabu vya tiba tangu zamani: kifafa kinachochochewa na mwanga unaometameta, ambacho humpata takriban mtu 1 kati ya 4,000. Wengi wa watoto walioanguka hawakuwahi kuugua kifafa maishani mwao, wala wazazi wao hawakuwa na dalili ya kuwatahadharisha. Uingereza ilikuwa imekwisha kuweka kanuni za mwanga kama huo katika televisheni mapema miaka ya 1990. Japani haikuwa nazo, ikaziweka Aprili 1998: mwanga usimete zaidi ya mara tatu kwa sekunde, na wekundu uangaliwe kuliko rangi nyingine. Ndiyo sababu hadi leo katuni nyingi za Kijapani huanza kwa maandishi mafupi yanayomwambia mtoto awashe taa ya chumbani na akae mbali na skrini. Sehemu ile ya 38 haijarushwa tena, na Porygon maskini hajapewa tena nafasi ya maana katika katuni, ingawa umeme ulitoka kwa Pikachu.

Mtaniambia kwamba nimekiri mwenyewe kuwa ilidhuru watoto. Ndiyo, ilidhuru, na sitaki mtu yeyote aondoke hapa akidhani kwamba ninalipunguza. Ninachowaomba ni kuangalia madhara yale yaliondoshwa na nani. Yaliondoshwa na watu waliokaa mbele ya picha ile wakaitazama kwa makini, mpaka wakaweza kusema: ni hapa, ni rangi hizi, ni kasi hii. Laiti Japani ingeichoma kanda ile na kusema ina pepo, wachoraji wa katuni nyingine wangeendelea na mbinu ile ile, na jioni nyingine watoto wengine wangeanguka. Hofu peke yake isingewaambia kitu kuhusu mara tatu kwa sekunde.

Sasa linganisheni na yaliyotokea kwingine. Mwaka 1999, katika mji wa Colorado Springs nchini Marekani, mchungaji mmoja wa watoto alizichoma kadi za Pokémon kwa moto wa gesi mbele ya watoto wa umri wa miaka sita hadi kumi na miwili, na sanamu ya plastiki akaipiga kwa upanga. Nimelifikiria tukio hilo kwa miaka mingi na bado linaniudhi. Mtoto wa miaka sita aliyeketi pale alijifunza nini kuhusu kadi ile? Hakuna aliyemsomea neno moja lililoandikwa juu yake. Alichokiona ni mtu mzima, moto na upanga. Mwaka uliofuata Sat2000, kituo cha televisheni cha Kikatoliki huko Italia, kiliutazama mchezo huo huo, kikasema umejaa ubunifu na umejengwa juu ya urafiki wa dhati. Hao wote ni Wakristo, na kitabu chao ni kimoja.

Nije kwa sisi Waislamu, maana najua ndilo mnalolingojea. Mwezi Machi 2001 Mufti Mkuu wa Saudi Arabia, Sheikh Abdul-Aziz Al ash-Sheikh, alitoa fatwa dhidi ya Pokémon, na michezo na kadi zake zikapigwa marufuku nchini humo. Mimi si mwanachuoni, na nitasema kwa adabu. Fatwa ile ilitaja kamari, ikataja nadharia ya Darwin, ikataja alama zilizomo katika kadi, ikiwemo nyota ya ncha sita, ambayo wengi huijua kama alama ya Israeli. La kamari nitalirudia, kwa sababu lina uzito. La nyota nitalijibu kwa kisa.

Mama mmoja alinijia na mwanawe wa miaka tisa na bahasha ya kadi, zawadi ya mjomba wa mtoto anayeishi Muscat. Akaniambia, "Mwalimu, mimi nataka unioneshe shetani kaingilia wapi, nimtoe." Nikamkaribisha kiti, tukazimwaga kadi mezani. Akaichukua moja, Charizard, joka la rangi ya chungwa linalotema moto, kadi nambari 4 kati ya 102 za seti ya kwanza ya Kiingereza. Akaweka kidole pembeni, chini kulia, palipokuwa na nyota tatu ndogo nyeusi. Akazihesabu ncha: sita. Akanitazama kana kwamba kesi imekwisha. Kabla sijafungua mdomo, mtoto akasema, "Mama, hiyo ni gharama ya kumrudisha nyuma." Akamweleza kwamba kila nyota ni kadi moja ya nishati ya aina yoyote, na nyota tatu maana yake ukitaka kumwondoa Charizard mbele ili umwingize mwingine, utatupa kadi tatu. Akaendelea bila kuulizwa: joka hili lina uhai wa pointi 120, shambulio lake linaondoa 100, lakini linahitaji kadi nne za moto, na ukilitumia unapoteza mbili, kwa hiyo mara ya pili huwezi mpaka uongeze mbili nyingine, na zamu moja huruhusu kuongeza moja tu. Mtoto wa miaka tisa alikuwa anapiga hesabu ya mapato na matumizi, kutoa na kujumlisha, na kupanga zamu mbili mbele. Mama yake alinyamaza, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtoto huyo ndiye yule ambaye mwalimu wake wa hesabu humlalamikia.

Na jina? Ulienea uvumi katika nchi za Kiarabu kwamba majina haya kwa Kijapani ni maneno ya kumkufuru Mungu au ya kuwaita watoto katika dini nyingine. Pokémon ni ufupisho wa maneno mawili ya Kiingereza yaliyotamkwa Kijapani, yenye maana ya madude ya mfukoni. Pikachu imetokana na tanakali mbili za sauti: pika ni kama sisi tunavyosema metameta, na chu ni mlio wa panya. Angekuja mtu akatuambia kwamba Pikachu ni amri ya Kiswahili ya kumlazimisha mtoto kupika, tungemcheka hapo hapo, kwa sababu Kiswahili tunakijua. Uvumi ule uliishi mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kukijua Kijapani, wala mtu wa kumuuliza Mjapani.

Kuhusu Darwin nitasema kwa ufupi. Viumbe hawa hubadilika umbo, na neno la Kiingereza lililotumika, evolution, yaani mageuko, neno lile lile la nadharia ya Darwin, limewatisha watu. Lakini mtazameni Caterpie: ni kiwavi, akawa kifukofuko, akatoka kipepeo. Hilo hutokea kwenye mlimau wa nyuma ya nyumba yako.

Sasa kamari, na hapa sitawatetea wauzaji. Pakiti ya seti ile ya kwanza ya Kiingereza ilikuwa na kadi 11: saba za kawaida, tatu za wastani, moja adimu, na zote zimefungwa usizione. Ukitaka kujua daraja la kadi, tazama alama iliyo kwenye kona ya chini: duara ni ya kawaida, almasi ni ya wastani, nyota ni adimu. Mtoto anayemtaka Charizard hununua pakiti bila kujua kilichomo, asipompata hununua nyingine, na fedha ni za baba. Mwaka 1999 kulikuwa na wazazi waliofungua kesi huko San Diego wakidai kwamba mauzo ya namna hiyo ni kamari. Mimi nasema Mufti na wazazi wale walikuwa wanakigusa kitu kilicho kweli, na mzazi anayekataa kununua pakiti za kufungwa yuko ndani ya haki yake. Kadi moja moja hununuliwa wazi, ukiona unachokilipia, na wanangu sikuwapa njia nyingine. Lakini anayelitaka hili lisikilizwe asilichanganye na nyota na majini, kwa sababu akichanganya, muuzaji atajibu la majini na kulikalia kimya la fedha.

Vivyo hivyo kuhusu kiumbe aitwaye Jynx, aliyechorwa kwa uso mweusi tii na midomo mikubwa, sura ile ile ambayo Wazungu wa Marekani walijipaka kuwadhihaki watu weusi. Mwandishi Carole Boston Weatherford aliliandika hilo waziwazi mwaka 2000, na alikuwa sahihi. Baadaye uso ulibadilishwa rangi ukawa wa zambarau. Alikuwa amemtazama Jynx vizuri kabla ya kuandika, ndiyo maana maneno yake yalifanya kazi. Kuna mengi ya kusema hapo juu ya namna Waafrika tunavyochorwa, lakini naoneshwa saa.

Niseme basi kwa nini ninautetea mchezo wenyewe. Aliyeubuni, Satoshi Tajiri, alikulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, na utotoni alikuwa anakamata wadudu kwenye mabwawa na vichaka. Alipokuwa anakua, mabwawa yale yalifukiwa na vichaka vikawa majengo. Baadaye aliona kebo inayounganisha Game Boy mbili, yaani vifaa vya kuchezea michezo mkononi, akawaza mdudu anayetambaa ndani yake kutoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine. Mchezo ulitoka Japani tarehe 27 Februari 1996 katika matoleo mawili, jekundu na kijani, na kuna viumbe wanaopatikana katika toleo moja tu. Mtoto hata awe hodari vipi, peke yake hamalizi. Lazima amtafute mwenzake mwenye toleo lingine, wakae karibu kwa urefu wa waya, wapatane nani anatoa nini. Na wanaoshindwa humu hawafi, huzimia, wakapelekwa kutibiwa.

Mnaosema hiyo ni mipigano ya jogoo nawasikia, na kwa anayeona vibaya viumbe kupigana, hata kwa kuchora, sina neno la kumlazimisha. Lakini sisi tuliofunga uzi mguu wa panzi na kumrusha barazani tunaijua furaha ya mtoto kumiliki kiumbe kidogo na kumwonesha jirani. Watoto wengi wa leo hawana nyasi wala panzi.

Muda wangu umekwisha na la Pokémon Go, mchezo wa kwenye simu, sikulifikia. Kwenye meza ile ya mlangoni nimeweka kadi sitini, pamoja na karatasi ya Kiswahili inayoeleza kila alama. Mwenye shaka na achague anayoitilia shaka kuliko zote, aniletee hapa, tuisome pamoja mstari kwa mstari. Nitakuwepo hadi watakapofunga ukumbi.