Mtoto akusomee wewe: maongezi na wazazi, kikao cha shule

Haya wazazi wenzangu, wakubwa shikamooni, na wengine habari za jioni. Asanteni sana kwa kuja, najua kuna waliotoka Kariakoo moja kwa moja hata nyumbani hawajapita, kwahiyo naenda kwenye hoja.

Wengi mkiniona huwa mnaniuliza kuhusu tuisheni, mwalimu nimpeleke wapi mwanangu. Leo naomba tuiache tuisheni pembeni tuongelee kitu ambacho hakina ada, mtoto akusomee wewe kwa sauti, nyumbani, kila siku, dakika kumi tu au kumi na tano.

Kwa nini nakazania hili? Angalieni shule zetu za serikali hapa Dar, watoto ni wengi mpaka shule nyingi zinaingia kwa zamu, hawa asubuhi hawa mchana. Tangu 2016 elimu ikawa bila ada wakaja wengi zaidi, na ni jambo jema kabisa, hakuna mtoto wa kubaki mtaani. Ila sasa piga hesabu, chukua kipindi cha dakika 30 na darasa la watoto 90, mwalimu akisema amsikilize kila mmoja anasoma ni sekunde 20 kwa mtoto, yaani sentensi moja au mbili basi. Hata mwalimu awe na moyo wa namna gani hawezi kumsikia mwanao vizuri kila siku. Wewe unaweza.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni mimi nimeishia la saba, au hata la saba sikufika, nitamsaidia nini. Mzazi mwenzangu, sikuombi ufundishe, nakuomba usikilize. Kiswahili chetu kinasomwa kama kilivyoandikwa, mtoto akikwama utamsikia tu hata kama kitabu hukioni.

Sasa usikilize nini. Kwanza wale wanaokisia. Mtoto anaona "kitanda" anasoma "kitabu", kaona "kita" mwanzoni akamalizia mwenyewe. Huyu usimkemee, funika neno kwa kidole umfunulie silabi moja moja, ki, ta, nda, alafu asome lote. Kingine ni herufi zinazobanana, mbwa, nywele, ng'ombe, wengi wanadondosha moja hapo, "mbwa" inakua "bwa". Mwache kwanza, vuta pumzi, mpe nafasi ajirekebishe, sisi wazazi tuna haraka mno ya kumtajia neno, na mtoto akishazoea kutajiwa hajishughulishi tena.

Alafu kuna hili ambalo linaniuma sana. Mtoto yuko darasa la tatu, anasoma mbio kabisa, "Juma alikwenda sokoni kununua samaki", mzazi anafurahi. Funga kitabu umuulize, nani alikwenda sokoni? Kimya. Kaenda kufanya nini? Anakuangalia. Huyo anatamka tu, hajasoma, na ndo huyu atakayefika upimaji wa darasa la nne mkashangaa kafeli hata masomo mengine wakati alikuwa anasoma vizuri. Kwahiyo kila akimaliza kipande, kitabu kifungwe, akusimulie kwa maneno yake. Hapo ndo kwenye kazi yenyewe.

Na nyie wa inglishi midiamu msijitoe. Mtoto kasoma hadithi yake ya Kiingereza, mwambie akusimulie kwa Kiswahili. Kama kaelewa itatoka tu, kama hajaelewa utajua hapo hapo. Kumkataza mtoto Kiswahili nyumbani eti Kiingereza kikae vizuri, mimi sikubaliani nako kabisa, mtoto anajenga kwenye lugha anayoijua.

Mtasema vitabu hakuna. Taasisi ya Elimu wameweka vitabu vya kiada mtandaoni, kusoma ni bure, ukiwa na simu ya kupangusa unaweza. Simu hakuna, basi gazeti lililofungiwa maandazi, maneno kwenye mfuko wa unga, vibao vya daladala, mko kituoni mnasubiri gari akusomee inaenda wapi na inapita wapi. Bibi katuma meseji kutoka kijijini? Usisome wewe, mpe mjukuu asome.

Hesabu sitakaa sana. Mtume gengeni na elfu mbili, nyanya za 500, kitunguu cha 300, ila kabla hajatoka akwambie chenji itarudi shilingi ngapi. Jedwali la kuzidisha likimshinda mkusanyie vizibo vya soda, apange mistari minne yenye vizibo sita sita, ahesabu mwenyewe.

Usingizi nao. Wataalamu wanasema mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anahitaji kulala masaa 9 hadi 12. Kama basi la shule linapita alfajiri na mtoto anaamka saa kumi na moja, ina maana saa mbili usiku awe kashalala, sasa wengine saa nne bado yuko sebuleni anaangalia tamthilia na nyie. Darasani analala jamani, tunawaona.

Na tafadhali, kofi wakati wa kusoma hapana. Mtoto anayeogopa akili yote iko kwenye mkono wako, haiko kwenye kitabu. Ukiona hasira imepanda funga daftari, mtaendelea kesho.

Kuna mama pale kauliza, yeye anaondoka alfajiri kwenda Feri kuchukua samaki, akirudi mtoto kashalala, afanyeje. Mama, dada yake yuko darasa la sita si ndio? Basi yeye amsikilize, na mdogo akimaliza kusoma amsimulie dada. Na mchana wateja wakipungua piga simu nyumbani, mtoto akusomee ukurasa mmoja kwenye simu, dakika tano zinatosha, umuulize maswali mawili matatu ya alichosoma. Jumamosi ukiwepo mkae wote. Kama bado anakwama kwenye silabi zile zile njoo naye na kitabu chake, Ijumaa baada ya vipindi nipo ofisi ya taaluma.