Neno la Kwanza la Mgeni Bivio

Mmeniomba nizungumzie kutembelea kijiji kidogo cha lugha nyingi katika milima ya Alpi. Nachukua Bivio, jimbo la Graubünden, Uswisi: mita 1,769 juu ya usawa wa bahari, wakazi wapatao mia mbili. Lugha nne za taifa lile mnazijua: Kijerumani, Kifaransa, Kiitalia na Kiromanshi, lugha ndogo ya milimani iliyotokana na Kilatini. Bivio husikika tatu kati ya hizo, zote isipokuwa Kifaransa.

Hili nimelisema mara nyingi na leo nalisema tena: neno lako la kwanza ndilo litakaloamua utasikia lugha gani siku nzima. Shuka kwenye basi useme "Guten Tag", utajibiwa Kijerumani. Ukirudi dukani kwa mtu yuleyule, Kijerumani. Watu wa Bivio wamezoea kumfuata mgeni kwa lugha aliyoanza nayo, na wakishaanza nawe hawabadilishi. Jioni mgeni anaandika kwamba Kiitalia na Kiromanshi vimekufa pale. Kumbe amevinyamazisha mwenyewe asubuhi, kwa maneno mawili!

Kwa hiyo anza na "buongiorno", salamu ya Kiitalia, kisha nyamaza. Usiongeze sentensi ya Kijerumani kwa kuogopa kimya. Halafu kaa mahali wenyeji wanapozungumza wao kwa wao, kwa sababu huko ndiko lugha zinakobadilishana: Kijerumani cha Uswisi, ambacho hutakielewa kwa Kijerumani cha shuleni, Kiromanshi cha bonde lile, kiitwacho Surmiran, na bargaiot, lahaja ya bonde la Bregaglia, ambayo mwenye Kiitalia cha vitabuni huipata nusunusu. Na usimuulize mtu "lugha yako ni ipi?" Muulize alizungumza nini na bibi yake, anazungumza nini na jirani, anahesabu kwa lugha gani. Utapata majibu matatu kwa mtu mmoja.

Najua atakayesimama na takwimu: sensa ya 2000 ilionyesha Kijerumani ni lugha kuu ya zaidi ya nusu ya wakazi. Ni kweli. Lakini swali la lugha kuu lilitaka jibu moja. Mwenye lugha tatu akajibu moja, nyingine mbili hazikuonekana kwenye hesabu hiyo. Inaniudhi kuona jibu hilo linachukuliwa kuwa picha ya kijiji kizima.

Kiitalia kilifikaje upande wa kaskazini wa milima? Kwa ng'ombe. Watu wa Bregaglia walivuka Septimer, njia ya kupita juu ya milima, kuja kulisha mifugo majira ya kiangazi, na baadhi wakabaki. Jina Bivio lenyewe maana yake ni njia panda: barabara moja kwenda Julier, njia nyingine ya kuvuka milima, na nyingine Septimer. Waromanshi wanapaita Beiva. Kiitalia kilikuwa lugha rasmi ya manispaa hiyo mpaka ilipounganishwa na nyingine nane kuwa Surses, tarehe 1 Januari 2016.

Sasa njia, kwa haraka. Treni hadi mji wa Chur, kisha basi la posta kupitia Tiefencastel na Savognin. Mwenye miguu mizuri apande Septimer, mita 2,310, ashukie kijiji cha Casaccia kule Bregaglia. Kupanda ni mita 540 tu. Kushuka ni zaidi ya 800, na huko ndiko magoti yanakoumia, basi chukua fimbo. Kabla ya mwisho wa Juni usiende: theluji huficha njia. Kurudi Bivio, panda basi la kuelekea St. Moritz, ubadilishe Silvaplana kwa basi la Julier. Hayo ya Julier ni machache, kwa hiyo angalia ratiba kabla ya kuondoka Bivio, si ukiwa tayari Casaccia.

Njia ya mlimani ya Lunghin, mita 2,645, ambako maji hugawanyika kwenda mito ya Rhine, Danube na Po, ningependa kuieleza, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Wenye maswali ya ratiba wabaki.