Bluu Saba za Kampuni Moja

(Mhadhara uliotolewa Lubumbashi mbele ya vijana wanaotengeneza tovuti za kampuni)

Jambo yenu, papa na mama, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango kama watu wanaotaka kukimbia.

Nitaanza na msalaba wa shaba. Mnaujua wote, mitatu ilichorwa kwenye bendera ya Katanga ya 1960, na wachimbuzi wa mambo ya kale waliikuta makaburini Sanga, kando ya Ziwa Kisale. Wazee waliitumia kama fedha. Fedha lazima ifanane, la sivyo kila ununuzi unageuka ugomvi. Mfua shaba hakutegemea jicho lake lililochoka jioni. Alikuwa na kalibu, akamimina.

Tovuti zetu nyingi hazina kalibu. Zina macho tu.

Kampuni moja ya malori, jina naliacha, iliniita. Inasafirisha mizigo kutoka Dar es Salaam kupitia mpaka wa Kasumbalesa hadi hapa. Patroni akaniambia, "Tovuti yetu inaonekana kama imetengenezwa na watu watano." Nikafungua msimbo. Ilikuwa imetengenezwa na watu watano.

Nilihesabu bluu saba. Hakuna aliyeziona, maana kenda ni karibu na kumi. Lakini kijani walikiona. Kwenye ukurasa wa kuagiza, kitufe cha kijani kilithibitisha safari. Kwenye ukurasa wa kufuatilia mzigo, kitufe kilekile, kijani kilekile, kilifuta safari. Mteja aliyezoea kubonyeza kijani akabonyeza kijani. Lori lake likabaki mpakani siku mbili, naye akapiga simu kututukana kwa Kiswahili na Kibemba.

Tulifanya hivi. Tulichapisha kila ukurasa, tukachukua mkasi, tukakata kila kitufe, kila kichwa cha habari, kila kisanduku cha kuandikia, tukavibandika ukutani, vitufe na vitufe wenzao. Umeme ulikatika mchana, kazi ikaendelea. Karatasi haihitaji chaji. Patroni alipopita akasimama. Vitufe vya kutuma tu vilikuwa kumi na kimoja, vingine pembe kali, vingine mviringo, vingine na kivuli kama vimeelea. Maneno yake pia: "Envoyer", "Valider", "Tuma", "Wasilisha". Kazi ni moja, maneno manne. Mteja anajiuliza kama "Valider" inafanya jambo ambalo "Envoyer" haifanyi. Tukachagua "Envoyer" kwa kurasa za Kifaransa na "Tuma" kwa za Kiswahili, tukafunga mjadala.

Sasa kalibu yenyewe. Zamani rangi na ukubwa wa herufi viliandikwa ndani ya kila ukurasa, kwa hiyo kubadili rangi moja kulikuwa kutembea nyumba kwa nyumba. Mwaka 1994, mtaalamu wa kompyuta Håkon Wium Lie, akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Uswisi, alipendekeza mwonekano uandikwe pembeni, utengane na maandishi. Desemba 1996 ikatoka CSS ya kwanza, lugha ya kuandikia mwonekano huo. Leo tuna vigeu ndani ya CSS: unaipa rangi jina mara moja, kurasa zote zinaliita jina hilo.

Hapo ndipo vijana wengi wanateleza, kwenye jina. Mnaandika "bluu-nzito". Mwaka kesho kampuni inahamia rangi ya shaba, na "bluu-nzito" yenu inakuwa kahawia. Ipeni rangi jina la kazi yake: rangi-ya-kitufe-kikuu, rangi-ya-onyo, rangi-ya-kiungo. Ukishaiita rangi-ya-onyo, mkono utasita kuiweka kwenye salamu za Mwaka Mpya.

Kuhusu herufi, nina machache, ila moja limenichosha. Mtu anapakua fonti nzuri ya bure, anaijaribu kwa neno "Likasi", inapendeza. Kisha anaandika "Société" na "Kasaï". Fonti haina é wala ï, kivinjari kinaazima herufi hizo kwenye fonti nyingine, na neno linakuwa kama suruali yenye kiraka. Jaribuni kwanza É kubwa na ç. Na msichukue unene sita wa fonti. Mara nyingi kila unene ni faili, na mteja ananunua mega kwa falanga zake.

Patroni alipenda maandishi ya rangi ya chungwa juu ya nyeupe. Nikampa simu ya dereva, kioo kimepasuka, nikamwambia asome nje saa sita mchana. Alirudi ndani bila kusema neno. Kanuni za WCAG, za kufanya tovuti zisomeke na watu wote, zinataka utofauti wa mwangaza wa 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Pimeni mara moja, kwenye kalibu. Msipime ukurasa baada ya ukurasa.

Namba ndizo zilizotugombanisha zaidi. Ukurasa mmoja uliandika bei "1,500 $". Aliyesoma shule yetu ya Kifaransa anaona dola moja na nusu. Mteja wa Ndola au wa Dar anaona elfu moja mia tano. Tukaamua: 1 500, kwa nafasi, kila mahali, na sarafu iandikwe daima, maana hapa mtu ana dola mfuko huu na falanga mfuko ule. Wiki ya kwanza, kwenye simu ndogo, 1 ilibaki mwisho wa mstari na 500 ikashuka chini. Tumieni nafasi isiyokatika. Hilo nalo likaingia kwenye kalibu, ndani ya kifungu kimoja cha msimbo kinachoandika bei zote.

Naona mama mmoja ameinua mkono. Anauliza: je, patroni akitaka kitufe kimoja tu, cha ukurasa wake anaoupenda, kiwe chekundu na kikubwa?

Mama, alitaka. Sikukataa. Nilibadili kwenye kalibu, tovuti nzima ikawaka nyekundu, nikamwita aangalie. Akazunguka kurasa tatu, akacheka, akasema, "Rudisha, kijana, kabla mke wangu hajaona."