Inchi Chache Nyuma ya Boti: Mhadhara kwa Mafundi wa Mashine za Boti

Ndugu zangu mafundi, asanteni kwa kuja.

Leo nazungumzia boti za besi za Marekani, zile za futi 18 hadi 21 zenye mashine moja tu nyuma, ambazo zikifungwa vizuri hupita maili 70 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 110. Besi ni samaki yule yule aliyeletwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani mwaka 1929. Kwao anashindaniwa kwa fedha nyingi, na katika mashindano makubwa ya Bassmaster mashine hairuhusiwi kuzidi nguvu za farasi 250. Basi nguvu ni sawa kwa wote, na kila mmoja anataka kufika kwenye samaki mapema na kurudi mizani kabla ya saa, kwani ukichelewa unakatwa uzito wa samaki wako. Hali hiyo imewafanya wachunguze ufungaji wa mashine kwa undani sana, na sisi tuna mengi ya kuchukua kwao.

Tuanze na imani kwamba boti isipokimbia dawa yake ni mashine kubwa. Boti ikishapanda juu ya maji, kasi yake hufuata kipeuo cha pili cha nguvu. Ukitoka farasi 200 kwenda 250 umeongeza nguvu kwa robo nzima, lakini kasi inapanda kama asilimia 12 tu: maili 60 zinakuwa 67. Tena mashine mpya ina uzito wake, nao unakula sehemu ya faida hiyo. Kabla mteja hajatoa fedha zote hizo, mpimie kwanza mashine aliyo nayo imekaa wapi.

Nisikilizeni hapa kwa makini. Giaboksi iliyo ndani ya maji ni breki, na breki hiyo inakaza kwa mraba wa kasi. Kwa mwendo wa maili 20 huihisi. Kwa maili 65 inakula nguvu nyingi. Ndiyo sababu boti hizi hufungwa jeki ya mashine kati ya ubao wa tezi na mashine yenyewe: inaisogeza mashine nyuma, kwenye maji yanayopanda baada ya kuachana na boti, na inakuwezesha kuinyanyua. Weka boti kwenye trela, sakafu iwe sawa. Laza rula ndefu chini ya mkuku, ichomoze nyuma. Inamisha mashine mpaka lile bapa pana lililo juu ya propela liwe sambamba na rula, kisha pima kutoka katikati ya mhimili wa propela kwenda juu hadi kwenye rula. Kwa boti za besi, inchi tatu na nusu ni pa kuanzia. Nenda majini, pima kasi, rudi, nyanyua mashine robo inchi. Robo inchi tu, na usiguse kitu kingine siku hiyo, usije ukashindwa kujua kilichokusaidia.

Kijana pale nyuma anauliza utajuaje umefika mwisho. Tazama geji ya presha ya maji ya kupoza mashine. Sindano ikianza kushuka au kuchezacheza ukiwa kwenye kasi, matundu ya kunyonya maji yameanza kuvuta hewa; shusha mashine mara moja. Usimsikilize mwenye boti anayetaka maili moja zaidi, maana atakuja kununua mashine. Na propela ikikosa kushika maji unapokata kona, pia umepita.

Sasa hesabu. Propela yenye pichi ya inchi 25 ingesonga inchi 25 kila mzunguko kama maji yasingeteleza. Zidisha mizunguko ya mashine kwa dakika kwa pichi, gawa kwa uwiano wa gia, gawa tena kwa 1,056, upate maili kwa saa. Mizunguko 5,800, pichi 25, gia 1.75: jibu ni 78.5. GPS ikisoma 68, umepoteza asilimia 13. Kwa boti ya namna hii tunataka 10 au chini yake, kwa hiyo bado pana kitu cha kutafuta.

Propela ije baada ya kimo cha mashine. Mtengenezaji huandika kiwango cha mizunguko, mathalani 5,000 hadi 6,000, na boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida inapaswa kufika karibu na juu ya kiwango hicho. Inchi moja ya pichi hubadilisha mizunguko kama 150 hadi 200. Propela ya chuma cha pua haipindi kama ya alumini ikibanwa na maji, na kwa kasi hizi mimi sioni sababu ya kutumia nyingine.

Uzito nitaupita haraka: lita moja ya maji kwenye tangi la samaki hai ni kilo moja, na ngama, yaani maji yanayotuama chini ndani ya boti, ikiachwa bila kufuliwa ni hivyo hivyo.

Mkiijaribu boti majini, inamisheni mashine taratibu ili propela isogee mbali na tezi, mpaka omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, ijinyanyue. Boti ikianza kuyumba ubavu kwa ubavu, punguzeni kwanza gesi, kisha kagueni kama usukani una uchezaji. Kamba ya kuzima mashine iwe mwilini mwa nahodha. Marekani imekuwa sheria ya shirikisho tangu Aprili 2021 kwa boti za chini ya futi 26, na mimi simruhusu mtu kujaribu boti bila hiyo.

Rula ziko mezani. Boti iko nje kwenye trela. Tukapime mhimili, halafu maswali.