Kabla ya Kuniletea Grafu ya E

Nimelisema hili kila nilipopewa nafasi na leo nalirudia: msiniletee grafu ya E, kimoja cha vipimo vya fotoni (chembe ya mwanga) inapogonga protoni na kuzaa mesoni, kabla hamjaniambia mmetoa nini katika nini.

Vile vipimo 16 vya mgongano huo mnavijua, sivihesabu tena. Tushike E. Fotoni zina polaraizesheni ya duara, na spini ya protoni imelazwa kwenye mhimili wa mwale. Spini ya fotoni, 1, na ya protoni, 1/2, zikipingana, jumla kwenye mhimili ni 1/2; zikielekea upande mmoja, 3/2. Unahesabu matukio ya kila hali, unatafuta tofauti, unagawa kwa jumla. Sasa, mmoja anaanza na 1/2, mwenzake na 3/2, na wote wanaandika E! Kila mmoja yuko sahihi kwake, mpaka mchanganye data.

Mtu ataniambia: “Mwalimu, ni alama tu, kompyuta itarekebisha.” Itarekebishaje? Haijui nani alianza na nini. Itavuta amplitudi, zile namba zinazoeleza mgongano, huku na huku hadi iridhike, kisha ikuoneshe rezonansi (hali ya muda mfupi ya protoni iliyochangamshwa) isiyokuwapo.

Tazameni nyuzi 0. Mesoni yetu haina spini, na ikitoka mbele moja kwa moja haichangii momenta ya mzunguko kwenye mhimili. Protoni inayobaki hubeba 1/2 tu. Basi hali ya 3/2 hapo ni sifuri, lazima. Aliyeanza na 1/2 atapata +1; ukiona −1, umeshajua mwenzako alianza na 3/2. Mnataka shahidi wa pili? Mesoni ya eta, karibu na kizingiti chake, yaani nishati ndogo kabisa inayoizaa. Rezonansi inayotawala hapo, N(1535), ina spini 1/2, haiwezi kuzaliwa na hali ya 3/2, kwa hiyo E hukaribia +1 pembe zote. Shukeni kwenye rezonansi ya Δ(1232): 3/2 inazidi takriban mara tatu, na E ya pembe zote kwa pamoja inageuka hasi.

Mwaka 2011 watafiti wa SAID, MAID na Bonn-Gatchina, vikundi vinavyochambua data hizi, walilinganisha kanuni zao za alama na kutoa jedwali. Lisomeni kabla ya kugusa data.

Muda unakwisha. Cx na Cz, vipimo vya polaraizesheni inayotoka kwa fotoni kwenda kwa Lambda pale zinapozaliwa kaoni (mesoni) na Lambda (barioni): ulizeni kama z inafuata fotoni au kaoni, maana hapo kuna pembe nzima ya kuzungusha. P, polaraizesheni ya barioni inayotoka, hugeuka alama ukichora uwima wa bapa la mgongano kwa barioni badala ya mesoni. Vipimo vya G na H, siku nyingine.

Nani ana grafu ya E hapa? Ileteni mbele, tuanze na nyuzi 0.