Alaska: Wanasayansi Walihesabu Nyangumi, Wawindaji Wakaikataa Hesabu

Mambo zenu wapendwa, karibuni tena. Leo narekodi jikoni, maana hapa Anchorage nikitoka na simu nje chaji inakata kabla sijamaliza salamu.

Mnaniuliza kila siku: dada, huko Alaska unafanya kazi gani? Mkiona zile picha za theluji mnadhani mimi ni mwanasayansi. Hapana jamani, mimi ni mratibu. Watafiti wakitaka kwenda Utqiaġvik, kaskazini kabisa, mji uliokuwa ukiitwa Barrow hadi 2016, mimi ndiye ninayepiga simu kwa wenyeji, Wainupiat. Mnawataka hawa? Waje lini? Watakaa wapi, nani atawaongoza kwenye barafu, na huyo atalipwa kiasi gani? Barabara ya kufika huko hakuna, ni ndege. Na Aprili na Mei usithubutu kuitisha kikao. Ni msimu wa nyangumi, manahodha wako kwenye barafu na vijana wao. Kuna profesa alinuna kweli kweli nilipomwambia asubiri. Akasubiri.

Kwa nini nimekuwa mkali hivi? Sikilizeni kisa hiki.

Mwaka 1977 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilipiga marufuku uwindaji wa nyangumi wa Aktiki, wale weusi ambao kichwa peke yake ni kama theluthi ya mwili. Walikadiriwa kubaki kati ya 600 na 2,000. Kwa watu wa pale hicho ndicho chakula cha mwaka, kinagawiwa kijiji kizima, hakiuzwi dukani. Manahodha wakaunda tume yao mwaka huohuo, wakabishana, na Desemba wakapewa mgao wa nyangumi 12 kwa vijiji vyote. Kumi na wawili!

Hoja yao ilikuwa rahisi kuelewa. Wahesabuji walikaa ukingoni mwa barafu, wakihesabu nyangumi waliopita kwenye maji ya wazi mbele yao. Nahodha mmoja mzee, Harry Brower, akamweleza mtafiti Tom Albert kwamba wengine hupita mbali, chini ya barafu, na wakitaka pumzi huivunja kwa kichwa. Albert angeweza kuitikia kwa adabu, kisha akaendelea na yake. Alimwamini, na hilo likawa swali la utafiti. Wakashusha maikrofoni majini, wakarusha ndege. Sauti zikasikika hata pale ambapo macho hayakuona kitu. Kufikia 2001 makadirio yalikuwa kama 10,000, na 2011 karibu 17,000. Wengine wamezaliwa katikati hapo, sikatai, lakini hesabu ya kwanza iliwaacha wengi mno.

Nyumbani tunawajua watafiti wa kuja na dodoso, kupiga picha na bibi, kisha kimya. Kwa hiyo mikataba ninayoiandaa ina kifungu kimoja ambacho sikubali kifutwe: matokeo yanasomwa kijijini kwanza, mbele ya wazee, kabla hayajachapishwa. Watafiti wengine huona ni kucheleweshwa. Sawa, wacheleweshwe.

Juni kuna sherehe baada ya uwindaji, na nimeomba ruhusa ya kuwarekodia. Nahodha amesema atauliza familia yake. Wakikubali mtaona video, wakikataa nitakuja kuwasimulia tu kwa mdomo.