Bahasha Mbili: Kuchagua Maabara ya Vinasaba kwa Farasi wa Kiarabu

Asalaam alaikum. Ndugu mwenyekiti, wafugaji wenzangu, na ninyi masaisi mliojibanza huko nyuma ilhali kazi kubwa ya jambo hili ni yenu, nawashukuru kwa kunialika Maskati.

Tangu jana nimeulizwa mara nyingi maabara ipi ni rahisi kwa bei na ipi inapima vitu vingi. Nitayafikia maswali hayo, lakini naomba nianze na bahasha mbili.

Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka singa za farasi majike wawili wa zizi moja kwenye maabara ambayo sitaitaja. Wa kwanza alikuwa mama mtu mzima, farasi wa kijivu aliyekwisha kuwa mweupe kama maziwa. Wa pili alikuwa binti yake, mwekundu kabisa, yule ambaye Waarabu humwita shaqra. Mwenye farasi alitaka kujua kama wana jeni ya ugonjwa ambao karatasi za maabara huuandika SCID, yaani upungufu mkubwa wa kinga ya mwili wa kuzaliwa nao. Mimi nikamsihi alipie na kipimo cha rangi. Aliniona mtu wa kumtia hasara, kwa kuwa rangi ya farasi wake alikuwa akiiona kila asubuhi bila kumlipa mtu.

Majibu yaliporudi, karatasi ya mama ilisema kwamba hana hata nakala moja ya jeni ya kijivu, na ya binti ikasema anayo moja. Hilo haliwezekani. Jeni ya kijivu haijifichi: farasi aliye nayo, hata nakala moja tu, huzaliwa na rangi yake ya asili kisha hupauka mwaka baada ya mwaka, na asiye nayo hapauki hivyo. Sikuhitaji kusoma zaidi ili kujua kwamba sampuli zilikuwa zimebadilishana nafasi. Karatasi hizohizo zilisema kwamba mama ni salama na binti ndiye mbebaji wa SCID, yaani ana nakala moja ya jeni ya ugonjwa. Tulipolalamika, maabara ilirudia kipimo bila malipo, na mbebaji akawa mama. Fikirini sasa kama tungeagiza kipimo cha ugonjwa peke yake: karatasi ingewekwa kwenye faili, na yule mama angepandishwa na dume yeyote, hata dume mbebaji, kwa imani kwamba ni salama.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwenu ni huu. Kila mnapopima ugonjwa, pimeni pamoja na rangi moja au mbili ambazo mnazijua kwa macho, mziweke ziwe mashahidi. Farasi wa kijivu lazima awe na jeni ya kijivu, na mwekundu asiye na jeni hiyo lazima awe na nakala mbili za ile jeni nyekundu ambayo maabara nyingi huiandika kwa herufi mbili ndogo, e/e. Kama karatasi inapingana na farasi aliyesimama mbele yako, usiamini chochote kingine kilichoandikwa humo mpaka kipimo kirudiwe.

SCID nauchukulia kwa uzito kwa sababu unadanganya. Mtoto wa farasi huzaliwa akiwa mzima, anasimama, ananyonya, anarukaruka. Anaishi kwa kinga aliyoipata katika dang'a ya mama yake. Kinga hiyo ya kuazima inapopungua, kwa kawaida baina ya mwezi wa kwanza na wa tatu, anaanza kutoka makamasi, kukohoa na kuharisha. Dawa zinamtuliza kidogo, kisha anarudi palepale, na kwa kawaida hafikishi miezi mitano. Mabadiliko ya jeni yanayousababisha yalitangazwa mwaka 1997, nayo ni kupotea kwa herufi tano tu za vinasaba. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998 ulikuta kwamba asilimia 8.4 ya farasi wa Kiarabu waliopimwa huko walikuwa wabebaji. Mbebaji mwenyewe ni mzima wa afya. Hatari iko pale wabebaji wawili wanapokutana, ambapo kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa.

Upo na ugonjwa mwingine ambao ndani yake rangi na maradhi ni kitu kimoja. Mtoto huzaliwa na manyoya yaliyopauka, mara yana wekundu hafifu, mara yana mng'ao wa fedha, na wageni humsifu kwa uzuri. Lakini hawezi kusimama, hukaza miguu, huipinda shingo nyuma na kushikwa na kifafa. Jeni yake ilijulikana mwaka 2010. Huonekana zaidi katika nasaba za Kimisri, na najua kwamba wengi wenu mna damu hiyo mazizini. Ongezeni na ule unaoharibu ubongo wa nyuma, ambao badiliko la jeni linalohusishwa nao lilichapishwa mwaka 2011: mtoto hutikisa kichwa na kunyanyua miguu ya mbele juu mno, kama anayepanda ngazi isiyokuwepo.

Sasa lile swali la maabara inayopima vitu vingi. Nimeoneshwa hapa orodha ndefu ambayo mfugaji wa farasi safi wa Kiarabu aliuziwa. Ndani yake mlikuwa na jeni ya rangi ya malai na jeni ya mabaka makubwa ya tobiano, ambazo hazimo katika farasi safi wa Kiarabu. Mlikuwa pia na HYPP, maradhi ya misuli yaliyotokana na dume mmoja wa jamii ya Quarter Horse aitwaye Impressive, aliyezaliwa Marekani mwaka 1969. Mwenye farasi chotara atakuwa na haja na baadhi ya hayo. Aliye na nasaba safi amelipia karatasi.

Wingi una ubaya mwingine. Kipimo kinaweza kuuzwa kabla hakijathibitishwa. Kwa miaka kadhaa vimeuzwa vipimo vya aina ya pili ya ugonjwa wa misuli wa PSSM, na mwaka 2021 jarida la madaktari wa farasi lilichapisha utafiti uliokuta kwamba matokeo ya vipimo hivyo hayaendani na kile kinachoonekana misuli inapokatwa na kutazamwa kwa hadubini. Aina ya kwanza ni habari tofauti; jeni yake inajulikana tangu mwaka 2008. Basi iulizeni maabara: mnapima badiliko lipi, katika jeni ipi, na limechapishwa wapi? Ulizeni kama ina ithibati ya ISO 17025, yaani kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, na kama hushiriki katika majaribio ya kulinganisha ya jumuiya ya kimataifa ya vinasaba vya wanyama, ISAG, ambapo maabara nyingi hupewa sampuli zilezile na majibu yao hupambanishwa. Maabara ya Chuo Kikuu cha California, Davis, na Laboklin ya Ujerumani zinajulikana sana, lakini hata hizo ziulizeni. Anayekasirishwa na maswali haya mwacheni na bei yake.

Masaisi, sasa ni zamu yenu. Singa hazikatwi kwa mkasi, kwa sababu kinachotakiwa ni mzizi. Shika chache za mkiani au shingoni, zizungushe kidoleni karibu na ngozi, vuta kwa mkupuo mmoja, kisha ziinue kwenye mwanga: mwishoni mwa kila unywele uone kijidonge cheupe. Ukifikisha ishirini au thelathini zenye vijidonge, zitie katika bahasha ya karatasi, kavu, na uandike jina la farasi, namba ya chipu na rangi yake kabla hujamgusa farasi wa pili. Nawa mikono, maana unywele wa jirani hushikana na jasho. Zile bahasha zangu mbili niliziandika usiku, nikiwa nimekaa mezani, farasi wote wakiwa wamelala, na mpaka leo siwezi kuapa kwamba zilibadilishana huko maabara na si mezani pangu.